Kushtuka si kuogopa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kwa nini filamu nyingi za kutisha za siku hizi hazitishi. Kwa maoni yangu, watengenezaji wanatushtua, kisha wanadhani wametutisha. Mlango ukibamizwa nyuma yako utaruka, hata kama aliyeubamiza ni mwanao. Mwili umeshtuka, na baada ya sekunde mbili yameisha. Hofu inapikwa kichwani, polepole, na mpishi ni mtazamaji mwenyewe.

Juzi nilikuwa natazama filamu mpya, nikaamua kuzima sauti. Mwanamke anafungua kabati la kioo bafuni, anatoa dawa, anarudisha mlango, na kwenye kioo kuna uso nyuma yake. Bila ile kelele sikuhisi chochote. Niliona mtu aliyepakwa unga usoni na wanja mweusi machoni, basi. Tena nilikuwa namngojea: mkono ulipogusa tu kabati nilianza kuhesabu, na sikufika nne.

Mbinu yenyewe haina kosa. Katika Cat People ya mwaka 1942, mwanamke anatembea peke yake usiku, vishindo vya viatu vinamfuata. Mara vishindo vinakoma. Hakuna muziki. Anageuka, haoni mtu, anaongeza mwendo, nasi tunakagua kila kivuli pamoja naye. Ghafla unapasuka mlio mkali, kumbe ni basi linasimama. Pale hata mimi niliruka, lakini nilikuwa nimeshaogopa kitambo. Waigaji wa leo wamelichukua basi, kimya wamekiacha.

Halafu kuna hili la kuonyesha kila kitu. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, iliyotoka mwaka 1975, papa wake wa bandia aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi. Ikabidi amfiche: tukapewa pezi, mapipa yanayoburutwa juu ya maji, na muziki wa John Williams unaokaribia. Muda mrefu unapita kabla ya papa kuonekana vizuri, na wakati huo wote kila mtazamaji anamchora wake. Leo zimwi la kompyuta haliharibiki, kwa hiyo linaletwa mapema, mwangani, jino kwa jino. Ukishaliona lote, unalizoea. Baya zaidi, anatokea mhusika na kitabu cha kale kutueleza lilizaliwaje na linauawaje. Hapo mimi huwa nimeshakata tamaa.

Sisemi hofu imekufa. The Blair Witch Project, iliyotoka mwaka 1999, ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana, na mchawi wake haonekani hata mara moja. Mapema tunasimuliwa habari za muuaji aliyekuwa akiwachukua watoto wawili wawili; mmoja anasimamishwa kwenye pembe, uso ukutani, wakati mwenzake anauawa. Yanapita kama maneno ya watu tu. Mwishoni msichana mwenye kamera anashuka mbio hadi chumba cha chini cha nyumba iliyotelekezwa, akimtafuta mwenzake. Anamkuta. Kijana amesimama kwenye pembe, ametupa kisogo, kimya. Kamera inaanguka, filamu imekwisha. Hapakuwa na damu, wala mtu wa kunifafanulia. Nilibaki nimekaa, nikikumbuka yale masimulizi neno kwa neno, na pembe ya chumba changu nikashindwa kuitazama.