Kwa nini watumiaji wapya wanaondoka siku ya kwanza?

SWALI: Sisi ni timu ndogo inayotengeneza programu ya mtandao wa kijamii usio na matangazo. Tunatumia itifaki ya ActivityPub, yaani kanuni zinazowezesha seva tofauti kuwasiliana, ili kila jamii iweze kuendesha seva yake (kompyuta inayohifadhi akaunti na machapisho). Watu wanajisajili, lakini wengi hawarudi baada ya siku ya kwanza. Wanaotuandikia wanasema walishindwa kuchagua seva, na walipoingia walikuta ukurasa mtupu. Baadhi yetu wanapendekeza tuweke algoriti, yaani kanuni ya kompyuta, ya kupanga machapisho kama ilivyo kwenye mitandao mikubwa, na wengine wanaona kufanya hivyo ni kusaliti lengo letu. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu, malalamiko hayo mawili, la seva na la ukurasa mtupu, mimi nayaona kuwa ni lalamiko moja. Mgeni anaulizwa mlangoni jambo asiloweza kulijibu mpaka awe amekaa ndani kwa siku kadhaa, na akishaingia hakuti mtu wa kumpokea. Aliyejisajili anatafuta watu, na kila skrini inayomchelewesha kuwafikia inampa sababu ya kuondoka.

Nianze na seva. Mastodon, mtandao wa kijamii unaotumia ActivityPub ambao Eugen Rochko aliuanzisha mwaka 2016, kwa miaka mingi ilimtaka mgeni achague seva kutoka kwenye orodha, ilhali majina ya seva hizo hayakumweleza jinsi maisha ya huko yanavyotofautiana. Mei 2023 programu zake rasmi za simu zilibadilishwa: kitufe kikuu kikawa kinamsajili mgeni moja kwa moja katika mastodon.social, na anayetaka kuchagua mwenyewe akabakiziwa njia ya pili. Walikuwepo waliolalamika kwamba hatua hiyo inawalundika watu kwenye seva moja na kudhoofisha ugatuzi, yaani mgawanyo wa watumiaji na mamlaka kati ya seva nyingi, ambao ndio msingi wa mtandao wenyewe, na hoja yao ina uzito. Ushauri wangu ni kwamba ninyi mteue seva chache ambazo wasimamizi wake wamekubaliana juu ya kanuni za chini kabisa za usimamizi wa maudhui, programu imgawie mgeni mojawapo kwa zamu, na imwambie kwa sentensi moja kwamba anaweza kuhama baadaye. Sentensi hiyo lazima iwe ya kweli. Katika Mastodon, anayehama huenda na wafuasi wake, lakini machapisho yake ya zamani hubaki kwenye akaunti ya awali. Ikiwa programu yenu itafanya kazi hivyo hivyo, mwambieni kabla hajabonyeza kitufe cha kuhama, kwa kuwa atakayeligundua jambo hilo baadaye atahisi amedanganywa. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, waliukabili ugumu huu kwa njia nyingine: itifaki yao ya AT inatenganisha utambulisho wa mtu na mahali data yake inapohifadhiwa, kiasi kwamba mtu anaweza kutumia kikoa (anwani) cha tovuti yake kama jina la mtumiaji. Hamhitaji kubadilisha itifaki ili mjifunze kutoka kwao. Inatosha mkubali kwamba swali la mahali pa kuhifadhi linaweza kusubiri.

Ukurasa mtupu ni tatizo zito zaidi, na nina hofu kwamba timu nyingi hulitibu kwa maneno ya ukaribisho na mchoro wa kupendeza, wakati chanzo chake kiko ndani ya mfumo. Kwa kawaida, seva inayotumia ActivityPub hupokea machapisho ya akaunti za mbali ambazo mtu fulani kwenye seva hiyo anazifuata. Kwa hiyo seva ndogo na mpya ni tupu kwelikweli: mgeni akifungua wasifu wa mtu aliye kwenye seva nyingine anaweza kuona machapisho mawili au asione hata moja, ingawa mtu huyo huandika kila siku. Majibu nayo hupotea njiani, hivyo watu wawili walio kwenye seva mbili wanaweza kusoma mazungumzo yale yale na kila mmoja akaona sehemu tofauti. Mtumiaji hana namna ya kulijua hili. Yeye huona mtandao uliokufa. Programu yenu inapaswa kwenda kuchukua machapisho ya karibuni kutoka seva ya asili pale wasifu unapofunguliwa, ionyeshe kwamba bado inayaleta, na ikishindwa iseme wazi kwamba mengine yako kwenye seva ya mwandishi, pamoja na kiungo cha kuyafikia. Hii ni kazi ya wahandisi wa seva, lakini msanifu wa kiolesura, yaani wa skrini anazoziona mtumiaji, ndiye anayepaswa kuidai.

Baada ya hapo, mpeni mgeni watu. Bluesky walileta mwaka 2024 vifurushi vya kuanzia, ambapo mtumiaji yeyote hukusanya orodha ya akaunti kuhusu jambo fulani na kuisambaza kwa kiungo kimoja. Anayejiunga kupitia kiungo hicho anaweza kuwafuata wote kwa mara moja. Nguvu ya utaratibu huo iko katika ukweli kwamba pendekezo linatoka kwa binadamu ambaye mgeni tayari anamwamini, mara nyingi yule yule aliyemwalika. Mkiuiga, ongezeni mambo mawili: mtu aarifiwe anapowekwa kwenye orodha na aweze kujiondoa, kwa sababu orodha inaweza pia kutumiwa kuwakusanya watu ili wasumbuliwe, na mgeni aweze kuondoa tiki kwenye jina moja moja kabla ya kuthibitisha. Msimfuatishe mtu bila idhini yake. Ukurasa uliojazwa kwa siri humchanganya kuliko ukurasa mtupu.

Kuhusu algoriti, mgogoro wenu ungepungua kama mngekubaliana kwanza juu ya maana ya neno lenyewe. Kupanga machapisho kwa saa nako ni kanuni ya upangaji, na ina upendeleo wake: humpa nafasi kubwa anayeandika mara nyingi, na humficha rafiki anayeandika mara moja kwa wiki wakati wengine wamelala. Twitter na Instagram zilianza kupanga mlisho (mfululizo wa machapisho anayoonyeshwa mtu) kwa kukisia kinachompendeza mtu mwaka 2016, na kilichowakera watumiaji wengi ni kubadilishiwa mpangilio bila wao kuuchagua. Kwa hiyo suala la kujadiliwa ni nani anayeishika kanuni hiyo na inatafuta kuongeza nini. Mimi ningeufanya mpangilio wa saa kuwa wa kuanzia, kisha ningeweka kando yake mlisho wa pili ambao mtu huufungua mwenyewe, wenye machapisho ambayo watu anaowafuata wameyasambaza tangu aondoke. Chini ya kila chapisho la mlisho huo pawe na sababu inayosomeka, kwa mfano: «Limesambazwa na watu watatu unaowafuata». Kanuni ambayo hamwezi kuieleza kwa sentensi ya namna hiyo, msiiweke. Bluesky walikwenda mbali zaidi mwaka 2023 kwa kuruhusu watu wa nje kutengeneza milisho na watumiaji kuichagua, lakini kwa timu ndogo hilo ni jukumu la baadaye.

Jambo moja mnaweza kuliamua leo bila gharama kubwa, nalo ni mwisho wa mlisho. Mtindo wa kusogeza skrini bila kikomo ulibuniwa na msanifu Aza Raskin mwaka 2006, naye baadaye alijuta hadharani kwa jinsi ulivyotumika. Kama hamuuzi matangazo, hamna sababu ya kumshikilia mtu. Ikumbukeni nafasi aliyoishia kusoma, na akifika hapo mwambieni kwa mstari mmoja kwamba amefika mwisho wa mapya. Katika majaribio niliyowahi kuyasimamia nilimwona mtu akipumua kwa nafuu alipoona mstari huo, na tangu siku hiyo sijasanifu mlisho usiokuwa nao.

Ufikivu, yaani urahisi wa watu wenye ulemavu kuitumia programu, naugusa kwa ufupi kwa kuwa viwango vyake vimekwisha kuandikwa: maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa rangi usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya usuli, vitufe kwenye Android viwe na angalau dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini) kila upande, na sehemu ya kuandika maelezo ya picha ionekane palepale picha inapopakiwa, isifichwe nyuma ya menyu.

Sasa mnauliza mwanzo uko wapi. Kabla ya kuandika msimbo mpya, waiteni watu watano wasioijua programu yenu, mmoja mmoja, muwape simu na kazi moja tu: jisajili, mtafute mtu unayemfahamu, mjibu. Kaeni pembeni bila kusaidia, hata pale kimya kinapokuwa kigumu kuvumilia, na andikeni kila mahali kidole kinaposita. Naamini wengi watasita kwenye skrini ya seva, na wachache watakaoivuka watakwama kwenye kisanduku cha kutafuta, ambacho katika mitandao ya aina hii mara nyingi hakimpati mtu wa seva nyingine mpaka uandike anwani yake kamili. Rekebisheni hayo mawili kwanza, kisha mrudie jaribio na watu wengine watano. Katika takwimu zenu, acheni kuhesabu dakika ambazo mtu ametumia ndani ya programu. Hesabuni ni wageni wangapi waliandika jambo na kupata jibu kutoka kwa mtu halisi ndani ya saa 24 za kwanza, na hiyo ndiyo namba mtakayoiangalia kila mnapotoa toleo jipya.