Maswali na majibu: Kisa cha kuazima hakivuki swali la pili

Wahitimu wapya wa uandishi wa programu wamenijazia sanduku mwezi huu, na ajabu ni kwamba hawaulizi kuhusu msimbo. Wanachoogopa ni ile nusu saa ya intavyu ya "tueleze wakati ulipotofautiana na mwenzako", "tueleze ulipokosea", "tueleze ulivyojifunza kitu kwa haraka". Nimechagua machache. Walionitumia sivii bila swali wasisubiri jibu.

Mwalimu, naomba unitumie majibu ya maswali yote ya tabia yanayoulizwa kwenye intavyu. Ni haraka, nina moja kesho. – Mhitimu, Juja

Sina. Swali hili huletwa na watu tofauti kila mara, na hata hilo neno "haraka" halikosekani.

Sijawahi kuajiriwa. Wakiniuliza kuhusu mgogoro kazini nitasema nini? Rafiki yangu ananishauri nibuni. – Mtafuta kazi, Umoja

Rafiki yako hakutakii mema. Anayekuhoji hakomei kwenye swali la kwanza. Ukimwambia ulizozana na mwenzako kuhusu hifadhidata, atataka kujua mwenzako alitaka nini hasa, kwa nini aliamini yuko sawa, mliamuaje, na leo ungefanya nini tofauti. Kisa cha kweli kina majibu ya hayo yote hata kama hukuyaandaa. Cha kubuni ni nyumba yenye ukuta wa mbele tu: ukisukuma mlango unatokea uwanjani.

Na si kweli kwamba huna cha kusimulia. Ulifanya mradi wa mwaka wa mwisho. Ulienda atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, hata kama walikutuma zaidi kubadilisha wino wa printa. Pengine umeshika vitabu vya chama, au umetunza tovuti ya kanisa ambayo mzee mmoja alitaka ianze kuimba yenyewe mtu akiifungua. Hicho cha mwisho kinatosha peke yake. Mteja anataka kitu kibaya, ni mtu mzima wa kuheshimiwa, nawe unapaswa kumkatalia bila kumvunjia heshima. Hiyo ndiyo kazi yenyewe utakayolipwa kufanya.

Kama kumbukumbu imekutoka, ingia kwenye folda ya mradi wako, andika amri ya git log (Git ni programu inayotunza historia ya msimbo, na amri hiyo huorodhesha kila badiliko mlilohifadhi), usome tangu mwanzo. Utaiona siku uliyorekebisha kitu kimoja mara nne. Utaiona siku mwenzako alipofuta kazi yako, na ile wiki ambayo hakuna aliyeandika chochote. Kila rudio na kila pengo lina kisa nyuma yake.

Tuseme mlikuwa wanne, mkijenga mfumo wa duka unaopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kuzungumza na mfumo wake. Taarifa ya malipo ikifika mara mbili, mfumo unamhesabia mteja malipo mawili. Mwenzako anataka marudio yafutwe kila usiku. Wewe unataka nambari ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, ili rudio likataliwe papo hapo. Mnajaribu njia zote mbili kwa data ya majaribio, mnaona kwamba ya kwanza inaacha hesabu ikiwa na makosa mchana kutwa, mnachukua yako. Lakini ile kazi yake ya usiku mnaibakiza kama ukaguzi. Kisa hicho hakizidi dakika mbili, kina watu na sababu na uamuzi, na mwenzako hajageuzwa mpumbavu. Hapo pa mwisho ndipo jopo linapotega sikio, kwa sababu linataka kujua utalisemaje mwaka ujao ukiwa mahali pengine.

Usiuchukue mfano huu. Wanaoajiri Nairobi nao husoma Kiswahili.

Natumia mbinu ya STAR lakini wananikatiza kabla sijafika mwisho. Kosa liko wapi? – Kijana wa Rongai

Liko mwanzoni. Mbinu hiyo, iliyotoka kwa kampuni ya ushauri ya Kimarekani iitwayo DDI mwaka 1974, ina sehemu nne: hali, jukumu, hatua na matokeo. Watu wakiona nne wanagawa muda kwa nne. Hali na jukumu kwa pamoja ni sentensi mbili tatu. Jina la chuo, historia ya mradi na jina la mhadhiri havimsaidii mtu. Hatua zichukue zaidi ya nusu, maana humo ndimo unamoonekana wewe. Matokeo yawe na kipimo kama ulipima. Kama hukupima, sema kilichobadilika machoni pa mtu, kwa mfano kwamba mwenye duka aliacha kukupigia simu kila jioni.

Itakusaidia kujua wanachotafuta. Mwanasaikolojia Mmarekani John Flanagan, aliyefanya kazi na wanahewa wa nchi yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alieleza mbinu yake mwaka 1954: usimwombe mtu maoni kuhusu sifa za mfanyakazi bora, mwombe akusimulie tukio mahususi alilolishuhudia na nani alifanya nini. Maswali haya yana undugu na fikira hiyo. Ndiyo maana "mimi ni mtu wa bidii na ushirikiano" haliandikwi popote kwenye karatasi zao. Na kama unaenda Amazon, zile kanuni zao 16 za uongozi wamezianika hadharani. Zisome, utafute kisa chako kwa kila moja unayoweza, kisha usizikariri mbele yao.

Mwalimu, nimelelewa nisijisifu. Nikisema "nilifanya" naona kama ninawaibia wenzangu. – Dada, Kayole

Barua hii imenigusa kuliko zote. Katika nyumba nyingi zetu, mtoto anayejigamba mbele ya wageni hufinywa nyuma ya mlango. Halafu tunamtuma Westlands, mbele ya watu watatu asiowajua, na kumtaka ajinadi. Malezi yako hayana kasoro. Ila jopo linaajiri mtu mmoja. Ukisema tulijenga, tukajaribu, tukapeleka kwenye seva, kalamu zao zinabaki hewani, kwa kuwa hawajui ni lipi kati ya hayo lililopita mikononi mwako.

Wataje wenzako kwa kazi zao: mmoja alichora kurasa, mwingine alishughulikia seva, mimi niliandika sehemu ya malipo na majaribio yake; tulipokwama kwenye taarifa za malipo, niliyekaa kuzifuatilia ni mimi. Hujamwibia mtu. Kila aliyefanya kazi ametajwa, na wewe umo. Fanya zoezi hilo kwa sauti, mbele ya mtu, kwa sababu kooni ndipo linapokwama, karatasini halina shida.

Wavulana wengi wana ugonjwa wa upande wa pili. Mradi wa watu watano unasimuliwa kama wa mmoja, na hao wanne hawapo hata kwa jina. Wajue kwamba kiungo cha GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, walichokiweka kwenye sivii hufunguliwa, na kinaonyesha nani aliandika mstari upi. Aibu ya kusomewa kazi ya mwenzako ukiwa umeketi pale haina dawa.

Na nyinyi wenye majopo, mnaolalamika kwamba wahitimu wetu hawajiamini: mkisikia "tulifanya" mara tatu, ulizeni "wewe ulishika sehemu gani?" Swali hilo halichukui sekunde tano. Mnapoteza watu wazuri kwa uvivu wa kuuliza.

Wakiniuliza udhaifu wangu niseme napenda mno ukamilifu? – Wa Githurai

Hapana. Wamelisikia asubuhi hiyo hiyo kabla hujaingia.

Niliwahi kupakia ufunguo wa siri wa API kwenye GitHub hadharani. Wakitaka kosa langu, niseme hilo au nifiche? – Mwoga, Kasarani

Sema, mradi uweze kuumaliza mkasa wenyewe. Kukosea si habari kwao. Watakuuliza uligunduaje, ulimwambia nani, baada ya muda gani, na ulifanya nini lisirudi. Hapo ndipo wengi huzama, kwa kusema "niliifuta ile faili". Git hutunza historia, kwa hiyo faili uliyoifuta leo bado inasomeka kwenye mabadiliko ya jana. Ufunguo uliovuja hubatilishwa na kutolewa mwingine. Kisha siri zinakaa nje ya msimbo, na faili ya .env inayozibeba inaandikwa kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git inaziruka, kabla ya jambo jingine lolote. Kama hukuubatilisha wako, acha kusoma, nenda ukaubatilishe.

Ongezea hili, hata kama hukuuliza. Ikiwa kilichovuja ni data za watu na madhara kwao yanatarajiwa, Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye jukumu la data hizo amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mhitimu anayelitaja hilo bila kubabaika husikilizwa kwa namna tofauti, hasa na kampuni za fedha. Wasiolijua wanafikiri kazi yao inakoma programu ikishafanya kazi.

Akili unde huniandikia majibu mazuri kuliko yangu. Ubaya uko wapi? – B., South B

Kwamba imewaandikia na wenzako. Wote sasa mmewahi kuongoza timu chini ya muda mfupi, mkakabiliana na mteja mgumu, mkajifunza umuhimu wa mawasiliano. Na kwenye mahojiano ya mtandaoni, macho yanayosoma yanaonekana. Hutembea kwa mstari.

Igeuze kazi. Ipe kisa chako ulichokiandika wewe, uiambie ikuulize maswali kumi ya kuchimba, ujibu kwa mdomo bila kuandika. Kwa hilo inafaa, na haichoki kama binamu yako. Usiipe tu majina ya wateja wala siri za mahali ulipofanyia atachimenti.

Waliniuliza kama nina mpango wa kuolewa na kupata mtoto karibuni. Nilijibu. Je, nilipaswa? – Msomaji, Kitengela

Hukupaswa. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ikiwemo jinsia, ndoa na mimba, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kubagua kwa jinsia na mimba tangu hatua ya kutafuta wafanyakazi. Jambo hilohilo kwa wanaokuuliza "nyumbani ni wapi" wakimaanisha kabila. Najua si rahisi kutaja vifungu mbele ya mtu mwenye kazi mkononi. Unaweza kujibu kile kinachowahusu kihalali: "Kama swali ni kuhusu muda wangu, nitapatikana saa zote za kazi." Kisha uandike tarehe, jina la aliyeuliza na maneno yake, uyahifadhi. Na ukipewa kazi hiyo, fikiria mara mbili, maana wanaouliza hivyo siku ya kwanza huwa hawakomi.

Wananitaka nilipe elfu mbili kwa M-Pesa ili "wafungue faili" kabla ya intavyu. – Wa Zimmerman

Huo ni wizi. Usilipe.

Intavyu yangu ni ya mtandaoni na stima huku kwetu hupotea ovyo. Nifanye nini ikizimika katikati ya jibu? – Wa Kahawa West

Chaji laptopu na simu usiku wa kuamkia siku hiyo, usingoje asubuhi. Nunua bando ya kutosha ujaribu kuunganisha laptopu kupitia simu mapema. Siku moja kabla, omba nambari ya mtu wa kumfikia mambo yakiharibika. Ikizimika, tuma ujumbe papo hapo: stima imepotea, narudi kwa simu baada ya dakika mbili. Ukirudi, usianze kuilaumu kampuni ya umeme. Uliza, "Nilikuwa nimefika kwenye hatua niliyochukua, niendelee?"