J'adore katika joto la Mombasa: ushauri kwa anayetaka manukato ya maua na matunda

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikijitia J'adore ya Dior, ile ambayo kisanduku chake kimeandikwa eau de parfum, na kila niendapo kwenye shughuli za arusi wanawake wenzangu huniuliza kama inadumu mwilini na kama inastahili bei yake. Jibu langu ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti, kwa sababu manukato yaliyochanganya maua na matunda hayatulii kwenye ngozi inayotoka jasho kama yanavyotulia ndani ya duka lenye kipoza hewa, na anayeishi Mombasa asipoyaelewa mabadiliko hayo atanunua chupa ambayo hataimaliza.

Nianze na matunda, kwa kuwa ndiyo yanayokupokea. Ukijipulizia J'adore, harufu inayotangulia ni ya pea, pichi na tikiti, tamu lakini yenye umajimaji, kama tunda lililokatwa sasa hivi. Matunda hayo hayakukamuliwa yakatiwa chupani. Pea na pichi hazitoi mafuta ya kuvukizwa kama yanavyotoka kwenye karafuu au mchaichai, hivyo harufu yake huundwa maabarani, na ufundi huo ni wa zamani: Mitsouko ya Guerlain, iliyotoka mwaka 1919, ilisifika kwa harufu ya pichi iliyopatikana kwa kemia. Mimi sioni kasoro katika hilo. Linalomhusu mnunuzi ni kwamba harufu nyingi za matunda ni nyepesi na huruka mapema, na joto huziharakisha. Mwezi wa Februari, kaskazi inapovuma na mchana kufikia nyuzi 32 au 33, pea ya J'adore haikai kwenye mkono wangu zaidi ya robo saa. Mwezi wa Julai, wakati wa kusi, huweza kukaa mara mbili ya hapo. Anayetoa pesa zake kwa ajili ya tunda peke yake ananunua robo saa hiyo.

Kinachobaki ni maua, na hapo ndipo J'adore iliponiteka. Mtunzi wake, Calice Becker, ambaye kazi yake hii ilitolewa mwaka 1999, aliijenga juu ya waridi, asumini na langilangi, maua ambayo mwanamke wa Pwani hahitaji kufundishwa. Nyanya yangu alikuwa akikaa barazani baada ya alasiri na sinia ya asumini mapajani, akiyatunga pamoja na rihani, na kilua kilipopatikana alikitia katikati ya kikuba kama mtu anayetia kito kwenye pete. Usiku kikuba kile kilikuwa chini ya mto, na asubuhi foronya nzima ilinukia. Nilipoijaribu J'adore kwa mara ya kwanza, pea ilipokwisha ruka, niliikumbuka foronya ile.

Langilangi inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo inayoyashikamanisha haya yote. Sehemu kubwa ya mafuta yake yanayotumiwa duniani hutoka kwa majirani zetu wa Komoro na Madagaska. Maua huchumwa asubuhi mapema, kisha huvukizwa kwa saa nyingi, na mafuta hutengwa kwa madaraja kadiri yanavyotoka: yanayotangulia huwa laini na ya thamani kubwa, nayo ndiyo yanayotafutwa na watengenezaji wa manukato, ilhali yanayotoka mwishoni ni mazito na mengi yake huishia kwenye sabuni. Langilangi yenyewe ina utamu unaokaribia ule wa ndizi mbivu. Ndiyo maana ndani ya J'adore tunda halikatiki ghafla: pea inapoondoka, langilangi huupokea ule utamu na kuuingiza taratibu kwenye maua, na mtu asiye makini hatajua ni saa ngapi tunda liliondoka.

Lalamiko langu ni juu ya asumini. Asumini halisi ya barazani, usiku ukishakuwa mkubwa, hupata uzito fulani, karibu na harufu ya kitu kinachoanza kuchacha, na kwangu uzito huo ndio unaoifanya iwe asumini. Ndani ya J'adore umesafishwa. Kwa hiyo aliyezoea udi na marashi mazito ya mafuta anaweza kuiona kuwa nyepesi mno, na sitamlazimisha aipende.

Sasa kuhusu namna ya kujaribu kabla ya kununua. Kabla ya J'adore niliwahi kununua manukato mengine ya jamii hii baada ya kuyanusa kwenye kijikaratasi dukani, nayo yalinifurahisha kwa muda wa kutoka mlangoni hadi kituo cha matatu tu. Nilipofika kivukoni Likoni, jua likiwa la utosi, utamu wake ulikuwa umegeuka kama sharubati iliyomwagika nguoni. Tangu siku hiyo sinunui nilichonusa kwenye karatasi. Omba kupuliziwa mara moja kwenye kiwiko, upande wa ndani, usisugue, kisha toka nje ukaendelee na shughuli zako kwa saa nne au tano. Ukiwa mjini, usipitie Marikiti kwanza, kwa sababu iliki, mdalasini na binzari vitaichanganya pua. Shika njia ya Biashara Street ukaangalie leso, au teremka Mji wa Kale hadi karibu na Ngome ya Yesu, ambako upepo wa bahari huisafisha pua. Nusa baada ya robo saa, baada ya saa moja, kisha ukirudi nyumbani. Kile cha mwisho ndicho utakachoishi nacho, na kama hukipendi, usishawishiwe na cha kwanza.

Kiasi cha kujitia nilijifunza kwa aibu. Katika kupamba kwa binti wa jamaa yangu nilijipulizia mara saba, nikidhani joto la ukumbi litaimaliza harufu. Joto haliimalizi, huisambaza. Khalati yangu, aliyekaa kando yangu, aliniomba kwa upole tubadilishane viti ili awe karibu na dirisha, na mimi mwenyewe sikuwa nikisikia kitu, kwa kuwa pua huizoea harufu ya mwili wake ndani ya muda mfupi. Siku hizi hujitia mara tatu: moja kifuani chini ya nguo, moja nyuma ya shingo, na moja kwenye kiwiko, baada ya kuoga na kupaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, maana ngozi kavu huyaachia manukato haraka. Kisha husubiri dakika kumi kabla ya kuvaa. Nguo iliyofukizwa udi siichanganyi na J'adore, kwani udi humeza maua yote na kuacha utamu usio na mwenyewe. Siku ya udi ni ya udi. Wengi wetu pia hatupendi kutoka na manukato ya kuvuma tunapopita mbele za watu, kwa heshima ya dini, na kwa sababu hiyo mimi huitumia zaidi nyumbani na kwenye shughuli za wanawake. Kwa kiasi hicho hunidumu saa tano hadi sita wakati wa kusi, na kama saa nne wakati wa kaskazi.

Niwatahadharishe pia juu ya chupa za bandia, kwa sababu chupa yangu ya pili ilikuwa mojawapo. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alinipa bei iliyonifurahisha kupita kiasi, nami nikajiambia kuwa nimebahatika. Kifuniko kilikuwa kikilegea, na namba iliyochapwa chini ya chupa haikulingana na ile ya kisanduku, ilhali kwenye chupa halali hulingana. Harufu yake ilikuwa ya peremende tu, bila langilangi yoyote, ikaisha ndani ya saa moja, na ngozi ya shingo ikaniwasha siku mbili. Kagua namba hizo mbili kabla ya kulipa, na kama muuzaji hataki ufungue kisanduku mbele yake, mrudishie.

Chupa halali nayo huharibika isipotunzwa. Usiiweke bafuni wala kwenye meza ya kujipambia inayopigwa na jua la dirishani. Joto na mwanga hubadilisha kwanza zile harufu nyepesi za juu, kisha rangi. Yangu hukaa ndani ya kisanduku chake, chini kabisa ya kabati, pamoja na leso.

Kwa anayeanza ningeshauri ile ya mililita 30. Mimi hununua ya 50: mpulizo mmoja hutoa takriban sehemu ya kumi ya mililita, hivyo chupa ina mipulizo kama 500, na kwa kujitia mara tatu, siku tatu za wiki, hunifikisha mwaka mzima, Ramadhani hadi Ramadhani.