Dereva au injini?

SWALI: Kaka habari, hapa kijiweni Kirumba tunabishana kila Jumapili, jamaa wanasema Formula 1, zile mbio za magari, ni gari tu dereva anakaa kushika usukani. Kweli? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Salama kaka. Wenzako wana hoja ila wamezidisha. Chukua 2016, madereva Hamilton na Rosberg wote wako timu ya Mercedes, gari aina moja, halafu kule Malaysia Hamilton anaongoza mbio injini ikanoki moto ukatoka nyuma, mwisho wa msimu kashinda mbio 10 mwenzake 9 lakini ubingwa kaukosa kwa pointi 5 tu!! Hapo utamlaumu dereva kweli? Mi siwezi.

Räikkönen naye 2005 alishinda mbio 7 sawasawa na Alonso, sema injini ya timu yake McLaren ilimtesa, na mwaka huo ukibadilisha injini kabla ya mbio ulikuwa unarudishwa nafasi 10 nyuma pa kuanzia, ndo hivyo Alonso akabeba ubingwa.

Ila msitupie injini kila kitu. Leclerc wa Ferrari 2022 gari lilimfia akiongoza Hispania, likamfia tena Baku kule Azerbaijan, sawa, tumuonee huruma, lakini Ufaransa alikuwa anaongoza akateleza mwenyewe kaenda kugonga matairi ya pembeni, hiyo ni yake.

Ukitaka kupima dereva mlinganishe na mwenzake wa timu moja, maana gari ni lilelile, hizo za kulinganisha wa Ferrari na wa timu ya mkiani waachie wenyewe hapo kijiweni.