Maswali na Majibu: Karatasi ya Altrasaundi na Tarehe Mnayoisahau

Safari hii karibu maswali yote ni ya altrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo. Wengi mmeniandikia "nina wiki kadhaa" bila kutaja siku ya kwanza ya hedhi yenu ya mwisho, halafu mnataka niwasomee ripoti. Bila tarehe hiyo mimi siwezi, na aliyeshika mashine naye hukisia. Iandikeni kila mwezi, hata ukutani.

Shikamoo mkunga. Kwa hesabu yangu nina wiki sita. Nimepimwa juu ya tumbo, wakaona mfuko hauna mtoto. Wamesema mimba imeharibika, nikasafishwe keshokutwa. Sina damu wala maumivu. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Usikubali kusafishwa kwa karatasi hiyo moja.

Mfuko wa mimba huanza kuonekana karibu na wiki ya 5. Siku chache baadaye kinaonekana ndani yake kifuko cha kiini, kile kinachokilisha kiinitete mwanzoni, na karibu na wiki ya 6 ndipo huonekana kiinitete chenyewe, yaani mtoto akiwa bado mdogo kabisa, chenye mapigo ya moyo. Hesabu hizo ni za kipimo cha ukeni, kile kinachoingizwa ndani. Kwa kipimo cha juu ya tumbo ongeza kama wiki moja. Kwa hiyo kwako wewe, mfuko mtupu ndicho nilichotarajia waone. Na kama mzunguko wako ni wa siku 35, yai lilichelewa wiki nzima kutoka, hivyo wiki zako sita kwa kweli ni tano.

Ili mtu aseme kwa uhakika kwamba mimba imeharibika, kipimo cha ukeni kinapaswa kuonyesha mfuko wenye wastani wa milimita 25 au zaidi usio na kiinitete, au kiinitete chenye urefu wa milimita 7 au zaidi kisicho na mapigo. Chini ya hapo hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14. Tazama karatasi yako: kama haikuandikwa kipimo chochote cha milimita, hiyo si hukumu.

Nimewahi kumpokea mama mwenye karatasi kama yako, mistari miwili ya mwandiko wa haraka na muhuri. Mfuko wake ulikuwa milimita 11. Alirudi baada ya siku 12. Tulizima taa, na kwenye kioo, ubavuni mwa ule weusi wa mfuko, kulikuwa na kitu kama haragwe dogo, na katikati yake nukta ikipepesa upesi upesi. Hakusema neno. Alinishika mkono akaukaza mpaka nikamaliza kupima.

Si kila anayesubiri hupata habari kama hiyo. Mimba nyingi changa huharibika, na mara nyingi sababu ni kasoro za kromosomu, wala si ndoo uliyobeba au ugomvi uliougombana. Lakini kwa mtu asiye na maumivu wala damu, na mfuko wake umeonekana ndani ya kizazi, wiki moja au mbili za kusubiri zinavumilika. Kilichokwanguliwa kwa makosa hakirudi.

Nina wiki tisa, naweza kujua kama ni wa kike au wa kiume?

Hapana. Hili nimelijibu mara nyingi mno. Wiki ya 9 sehemu za siri za nje za wote wawili bado zinafanana, na anayekwambia ameona anabahatisha.

Hedhi imechelewa zaidi ya wiki mbili, kipimo cha mkojo kina mistari miwili, lakini altrasaundi inasema kizazi kitupu. Nina maumivu upande wa kushoto na matone ya damu nyeusi. Wamesema nirudi mwezi ujao.

Usingoje mwezi ujao. Nenda leo, kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, na usiende peke yako.

Kwa wengine mnaosoma: kipimo chenye mistari miwili na kizazi kitupu kina maana tatu. Huenda mimba ni changa mno, au imekwisha kutoka, au iko nje ya kizazi. Katika kila mimba 100, moja hadi mbili hutunga nje, na nyingi mno kati ya hizo hukaa kwenye mrija wa uzazi. Mrija haukuumbwa kutanuka kama kizazi. Ukipasuka, damu humwagikia tumboni, na nje mtu aone matone tu, ajipe moyo kwamba ni kidogo. Kizunguzungu, kuzimia, au maumivu kwenye ncha ya bega ni dalili za kukimbia usiku huo huo. Asiye na dalili yoyote hupimwa homoni ya mimba kwenye damu mara mbili, zipite saa 48 kati yake, kisha altrasaundi irudiwe. Kumwambia mwanamke mwenye maumivu ya upande mmoja arudi mwezi ujao ni kumhatarisha, na nalisema hili kwa wenzangu wa kazi pia.

Mume wangu alirudi safarini wiki tano zilizopita. Altrasaundi inasema mimba ina wiki saba. Amehama chumba. Nimwambie nini?

Msomee haya, na akikataa kusikiliza, mpe asome mwenyewe.

Bwana, wiki za mimba hazihesabiwi tangu siku mliyokutana. Zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mkeo, na yai hutoka takriban wiki mbili baada ya siku hiyo. Kwa hiyo karatasi ikisema wiki saba, mimba ilitungwa kama wiki tano nyuma, ndipo uliporudi nyumbani. Mashine haina habari ya safari yako. Inapima urefu wa kiinitete kutoka kichwani hadi matakoni, ambao kwa wiki saba ni kama milimita 10, kisha inaulinganisha na jedwali. Hata hapo inaweza kukosea kwa siku tano hadi saba, mbele au nyuma. Altrasaundi haimtambui baba wa mtoto, na rudi chumbani kwako.

Barua za namna hii napata nyingi, na zinaniuma. Anayeandika ripoti angeongeza sentensi moja tu kwamba wiki zimehesabiwa tangu hedhi, ndoa ngapi zingelala salama!

Kipimo cha kuingizwa ukeni kinaweza kutoa mimba?

Hapana. Kinakaa ukeni, hakivuki mlango wa kizazi. Kojoa kwanza, kile cha tumboni ndicho hutaka kibofu kilichojaa. Na ukitaka mwanamke mwenzako awepo chumbani, sema, ni haki yako.

Mionzi yake haimdhuru mtoto?

Hayo ni mawimbi ya sauti, si mionzi ya eksirei. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walichapisha picha zao za altrasaundi mwaka 1958, na tangu wakati huo madhara kwa mtoto hayajathibitishwa. Hata hivyo sipendi wanaokwenda kila wiki kutafuta video ya simu. Sauti ya moyo kwa Doppler, yaani sehemu ya mashine inayopima mwendo wa damu, hasa, isiwashwe ovyo katika wiki za mwanzo. Nguvu yake ni kubwa kuliko ya picha ya kawaida, na mapigo huweza kupimwa bila hiyo.

Altrasaundi tatu, tarehe tatu za kujifungua. Nishike ipi?

Ya kwanza, ikiwa ilifanyika kabla ya wiki ya 14. Wakati huo watoto wote hukua karibu kwa mwendo mmoja. Baadaye kila mmoja hufuata umbo lake, na kipimo cha mwezi wa nane kinaweza kukosea kwa wiki tatu. Tena kuna hatari: mtoto asiyekua vizuri ataonekana mdogo, mtu asogeze tarehe mbele, na tatizo lake lifichwe na tarehe mpya. Karatasi ile ya kwanza msiitupe.

Ya wiki ya 8 ilikuwa nzuri. Ya nini nyingine?

Kwa sababu wiki ya 8 mtoto ana kama milimita 16. Vyumba vinne vya moyo, uti wa mgongo na midomo hukaguliwa kati ya wiki ya 18 na 22. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri kila mjamzito apate angalau altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Ya mapema inakupa tarehe, mahali mimba ilipo na idadi ya watoto.

Nina wiki 12, wameona mapacha. Kuna la kuuliza?

Lipo moja: kondo la nyuma ni moja au ni mawili? Hilo hutambulika vizuri kabla ya wiki ya 14, baada ya hapo ni kazi. Mapacha wanaotumia kondo moja mishipa yao huungana, na damu ya mmoja inaweza kumwendea mwenzake kupita kiasi, kwa hiyo hupimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Kama karatasi yako inasema tu "mapacha, mapigo yapo", rudi wiki hii hii, waangalie tena, waandike.