Jibu: Vile vibao vya mkiani vinavyopanda na kushuka kabla ndege haijaruka

Mkuu, umeuliza kwa nini pale uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, rubani wa Caravan (ndege ndogo ya abiria ya Cessna) huvuta na kusukuma usukani ndege ikiwa bado chini. Anakagua eleveta, yaani vile vibao vilivyoshikwa kwa bawaba nyuma ya bawa dogo la mkia.

Akivuta usukani, eleveta inapanda, upepo unaukandamiza mkia chini na pua inainuka. Wengi hudhani eleveta ndiyo inayoinua ndege. Hapana: inabadilisha tu pembe ya bawa kubwa dhidi ya upepo, na bawa ndilo linalobeba uzito.

Kwenye Caravan hakuna haidroliki hapo, yaani mfumo wa kusukuma kwa shinikizo la mafuta. Nguvu ya mkono wa rubani inafika mkiani kupitia kebo za chuma zinazopita kwenye kapi, kisha fito ya kusukuma. Ndiyo maana fundi hukagua kila uzi wa kebo uliokatika. Mimi naiheshimu sana kazi hiyo. Ndani ya eleveta kuna vizito vya kusawazisha ili isitetemeke ndege ikienda kasi, na ukingoni kuna kibao kidogo, trimu, kinachompunguzia rubani kazi ya kushikilia usukani.

Ukaguzi huo wa rubani kabla ya kuruka si mazoea tu. Oktoba 1935 huko Ohio, Marekani, Boeing Model 299, ndege ya kivita iliyokuwa kwenye majaribio, ilianguka mara baada ya kuruka kwa sababu kufuli ya eleveta, inayoishikilia isichezeshwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa, haikufunguliwa. Baada ya hapo marubani wa majaribio wakaanza kutumia orodha ya ukaguzi iliyoandikwa.