Ya boksi au iliyotumika? Kamera ya kwanza kwa laki tisa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Tanga. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga picha kwa simu, na sasa watu wameanza kuniita kwenye mahafali, kitcheni pati na sendofu. Nimedunduliza laki tisa ninunue DSLR (kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) yangu ya kwanza. Dukani nimeonyeshwa tatu: Canon 4000D mpya ndani ya boksi pamoja na lenzi yake ya kuvuta ya 18-55mm, Canon 700D iliyotumika, nayo ina 18-55, na Nikon D5300 iliyotumika yenye lenzi ya 50mm. Bei zinacheza kati ya laki sita na nusu na saba na nusu. Muuzaji ananisukumia Nikon kwa sababu ina megapikseli 24 na hizo Canon zote mbili zina 18. Mjomba wangu yeye anasema kipya ni kipya, nichukue ya boksi. Nimsikilize nani? Halafu kuna rafiki ananiambia DSLR zimepitwa na wakati. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua 700D, lakini uikague mwenyewe kwa namna nitakayokueleza huko chini, na usiimalize laki tisa yote siku hiyohiyo.

Nianze na mjomba, maana hoja yake ina uzito. Kitu cha boksi kina waranti, na hakuna mtu aliyekwisha kukiangusha kabla yako. Tatizo ni kwamba 4000D ilitoka mwaka 2018 ikiwa imekusudiwa kuwa DSLR ya bei ya chini kuliko zote za Canon, na walibana matumizi mahali ambapo wewe ndiye utakayeumia. Pete inayofungia lenzi ni ya plastiki. Ya 700D, iliyotoka 2013, ni ya chuma. Skrini ya 4000D ni ya inchi 2.7, haina makali, na imeganda mgongoni. Ya 700D ni ya inchi 3, ya kugusa, na inafunguka ikageuka pembeni, kitu utakachokishukuru siku utakapoinyanyua kamera juu ya vichwa vya watu kupiga picha ya keki. 4000D haina tundu la maiki, kwa hiyo siku utakapoombwa video umekwama. Haina kile kitetemeshi kinachokung'uta vumbi kwenye sensa (kipande cha ndani kinachonasa picha) kila unapoiwasha. Hata kile kigurudumu kidogo cha kurekebisha kidirisha cha kuchungulia kwa mtu anayevaa miwani, wamekiondoa.

Lakini vyote hivyo ningevimeza kama si jambo moja ambalo wauzaji wengi hata hawalijui. Omba uzishike 700D na 4000D mkononi, uangalie juu, pale panapochomekwa flashi. Kwenye 700D utaona katikati kidoti kikubwa cha chuma, na vidogo karibu yake. Kwenye 4000D hicho cha katikati hakipo. Ndicho kinachoiambia flashi "waka", na flashi nyingi za bei nafuu za kampuni nyingine, pamoja na triga zake (vifaa vya kuiwasha flashi kwa mbali), zinategemea hicho tu. Ukiichomeka flashi ya namna hiyo kwenye 4000D itakaa kimya kama pambo. Utalazimika kutafuta za Canon zenyewe au zile chache zilizotengenezwa kwa kuzingatia upungufu huo. Na mpiga picha wa sendofu bila flashi, kwa taa za kumbi zetu, sijui atafanya kazi gani.

Sasa huyo wa megapikseli. Picha ya megapikseli 18 ina upana wa pikseli 5184 na urefu wa 3456. Ukiichapa kwa nukta 300 kila inchi, ule ubora wa studio, unapata karatasi ya sentimita 44 kwa 29, yaani karibu A3. Ya megapikseli 24 ina upana wa pikseli 6000. Tofauti ya upana haifiki hata asilimia 16. Wateja wako watapokea picha kwa WhatsApp, ambako zinabanwa hata kabla hazijafika. Albamu ikizidi sana ni A4.

Hata hivyo sitaki kuionea Nikon. D5300 ni kamera nzuri, na kwa bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi, ningeiweka juu ya 700D. Ina nukta 39 za fokasi (kulenga ili picha itoke kali) dhidi ya 9, na sensa yake inavumilia giza vizuri zaidi. Mtego uko kwenye lenzi. Hukuniandikia ni 50mm ipi, na jibu lote linategemea hapo. Soma maandishi kwenye pete yake. Ikiwa imeandikwa AF-S, sawa. Ikiwa imeandikwa AF peke yake, na mwishoni 1.8D, usiiguse. Bodi za Nikon za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani. Zinategemea mota iliyo kwenye lenzi, na hiyo ya 1.8D haina. Itabidi uzungushe fokasi kwa mkono huku bibi harusi anaingia ukumbini akicheza. Nimewaona vijana wawili wakirudisha kamera wakidhani ni mbovu, kumbe lenzi na bodi haviongei lugha moja. Upande wa Canon shida hiyo haipo: lenzi yoyote ya EF (familia ya lenzi za Canon), tangu zilipoanza mwaka 1987, inafunga kwenye 700D na mota yake inafanya kazi.

Na hata kama hiyo 50mm ni AF-S, bado hutaweza kuanza kazi nayo peke yake. Sensa ya kamera hizi ni ndogo kuliko filamu ya zamani, kwa hiyo 50mm kwenye Nikon hiyo inaona kama 75mm, na kwenye Canon kama 80mm. Sebuleni kwa watu, ukitaka familia ya watu 12 waingie kwenye fremu, utarudi nyuma mpaka utoke mlangoni. Ya kwanza iwe 18-55, ya pili 50mm.

Hiyo ya pili ndiyo sababu nimekukataza kumaliza hela. Lenzi ya 18-55, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ya 50mm inafunguka mpaka f/1.8, na ukipiga hesabu inaingiza mwanga karibu mara 10. Chukulia uko ukumbini, flashi imekatazwa kwa sababu ibada inaendelea. Kwa 18-55 labda unalazimika kuwa ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 6400 na shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/50, picha ina chengachenga na mtu akigeuza shingo anatoka na ukungu. Kwa 50mm, mwanga uleule unakuruhusu ISO 3200 na shata 1/250. Chenga zinapungua, na shingo inaganda. Hakuna bodi utakayoipata kwa laki tisa itakayokupa mruko wa namna hiyo. Tafuta Canon EF 50mm f/1.8 STM, ile iliyotoka 2015. Ukikosa hela sasa, ingoje kazi mbili tatu zikulipe.

Tuje kwenye ukaguzi. Nenda mchana, na uende na memori kadi yako na tochi ya simu. Ninasema mchana kwa sababu yaliyonikuta. Lenzi yangu ya pili niliinunua jioni, chini ya taa ya tyubu, haraka haraka kwa kuwa kesho yake nilikuwa na harusi. Ndani ya chumba picha zilikuwa sawa. Bwana harusi aliposimama na dirisha nyuma yake, picha nzima ikafunikwa na weupe kama mvuke wa chai. Nilidhani ni jasho kwenye kioo, nikafuta, hola. Fundi alipoimulika jumatatu akanionyesha: nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa ndani ya vioo kama utando wa buibui. Fangasi. Niliporudi dukani nikaonyeshwa kibao ukutani, mali ikiuzwa hairudishwi.

Kwa hiyo vua lenzi, washa tochi upande wa nyuma, chungulia kwa mbele huku ukiipindapinda. Vumbi kidogo halina neno, kila lenzi iliyotumika inalo. Nyuzi, au madoa yenye matawi, rudisha. Huko kwenu Tanga ni pwani, na unyevu wa pwani ndio chakula cha fangasi, kwa hiyo usidhani ni jambo la nadra.

Halafu bodi. Weka kamera kwenye M (kupanga kila kitu mwenyewe), shata 1/4000, elekeza kwenye anga au ukuta uliopigwa na jua, piga mara tano. Upande mmoja wa picha ukiwa mweusi au umefifia kuliko mwingine, pazia la shata limechoka na matengenezo yake yatakula faida yote ya kununua iliyotumika. Kisha tundu f/22, fokasi ivuruge makusudi, piga ukuta mweupe, ukuze picha kwenye skrini. Madoa ya kijivu ni vumbi kwenye sensa, linasafishika. Mkwaruzo hausafishiki. Piga nyingine ukiwa umefunika lenzi, sekunde 10: vinukta vichache vya rangi ni kawaida, vikijaa kama nyota, achana nayo. Fungua na kufunga ile skrini inayogeuka mara kadhaa, maana waya wake wa ndani ukianza kukatika skrini huzima kwenye pembe fulani tu. Chungulia sehemu ya memori kadi. Chomeka flashi kama duka linayo, uone inawaka. Betri ya 700D inaitwa LP-E8; ikiwa imevimba kiasi kwamba inatoka kwa kuvutwa, muuzaji aibadilishe kabla hujalipa.

Kuhusu idadi ya mibofyo ya shata, Nikon huiandika ndani ya kila picha na ni rahisi kuisoma. Kwa Canon itabidi uunganishe kwa waya kwenye kompyuta yenye programu ya kazi hiyo. Muuzaji akikutajia namba kwa mdomo, itabasamie tu. Tazama raba ya mshikio na rangi ya kitufe cha kupigia: vikiwa vimeng'aa kwa kulika, kamera imefanya kazi za watu.

Jambo moja la kukuokolea hela. Hiyo 700D Marekani huuzwa kwa jina la Rebel T5i na Japani Kiss X7i. Ukiikuta yenye majina hayo ni 700D ileile, usikubali kuongezewa bei kwa sababu "hii ni ya Japani". Na risiti iandikwe namba ya serial iliyo chini ya bodi, uilinganishe mwenyewe kabla hujatoka. Kamera za wizi zipo, na mwenyewe akitokea na boksi lenye namba ileile, wewe ndiye utakayejieleza polisi.

Rafiki yako hajakosea sana. Canon na Nikon wamehamishia nguvu kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), na Canon walishasema 1D X Mark III ya mwaka 2020 ndiyo kinara wao wa mwisho wa DSLR. Ndiyo maana wanaohama wanaziuza zao, na ndiyo maana wewe unapata 700D kwa bei hiyo. Lenzi zako za EF hazitapotea: kuna adapta inayozifunga kwenye bodi mpya za EOS R, hizo zisizo na kioo za Canon, na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Kwa laki tisa, upande usio na kioo utapata bodi ya zamani na hutabakiwa na hela ya lenzi. Subiri.

Hela itakayobaki ukishalipa 700D, nunua betri ya pili kwanza. Canon wenyewe wanaihesabia moja picha 440, na sendofu ikianza saa mbili usiku huisha wanapotaka wao. Memori kadi nunua mbili za GB 32 badala ya moja kubwa, na ukifika nyumbani zijaze faili mpaka ukingoni kisha uzifungue, kwa sababu feki huonyesha GB 32 kumbe ndani ni 8. Flashi iliyotumika ifuate. Uielekeze dari ikiwa dari ni nyeupe. Wakishafunika dari kwa vitambaa vya zambarau, bibi harusi naye atatoka wa zambarau, na hapo igeuzie ukuta wowote mweupe ulio karibu.

Begi si la kuhifadhia, ni la kusafiria. Ukirudi nyumbani toa kamera, iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Omba kwa wauza viatu, huwa wanavitupa. Kila baada ya wiki chache vikaushe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo sana, kabla karatasi haijaanza kuungua.